Toa Sifuri Nukta Tatu

Sinza, 9 Aprili 2024

Dada Tusa,

Shikamoo. Najua umeniblock, kwa hiyo barua hii ameibeba Salumu wa bodaboda, yule wa kijiwe cha hapa kwetu anayepeleka watu Wazo kila siku. Usimfokee, yeye hana kosa.

Kwanza naomba radhi kwa yale ya kwenye ubatizo wa mtoto wa kaka Gibson. Sikuona kwamba mchungaji amekaa upande ule ambao upepo unakwenda. Na ule haukuwa moshi, ulikuwa mvuke, ila naacha hapo hapo, najua hutaki kusikia.

Ishu yenyewe ni hii. Bosi wangu Rogers ameweka kabati la vepu, hizi sigara za umeme, humu saluni, pembeni ya kioo changu. Kuna aina moja wanaiita meki. Ni bomba la chuma tu: betri ndani, kitufe chini, na juu kuna koili ya waya iliyopitishwa pamba yenye juisi. Hakuna sakiti, hakuna taa, hakuna chochote. Ukibonyeza, umeme unapanda moja kwa moja kwenye waya, waya unawaka, juisi inageuka mvuke, unavuta. Wanaoanza wanakuja kila siku wakitaka kufungiwa koili. Rogers amesema kazi hiyo ni yangu kwa sababu mkono wangu umezoea vitu vidogo. Nikiiweza, kiti changu cha kunyolea kinabaki. Nikishindwa, kuna kinyozi wa Mwananyamala anasubiri nitoke. Na Avelina, kama hujasikia, ana mimba ya miezi mitano.

Sasa watu wanasema ukinzani wa koili ukiwa mdogo kupita kiasi, betri inalipuka. Hapo ndipo nilipokwama. Hakuna anayejua "kupita kiasi" ni kiasi gani, kila mtu anakisia. Wewe ni mwalimu wa fizikia. Mie unakumbuka nilipata nini. Nifundishe kama mtu asiyejua hata pa kuanzia.

Mdogo wako,
Brightson


Wazo, 12 Aprili 2024

Brightson,

Marahaba. Salumu nimempa maji ya kunywa. Kosa lake ni moja tu, kubeba barua yako.

Upande ambao upepo unakwenda! Ulipuliza wingu la stroberi likatua juu ya pilau la mchungaji, na yule baba wa watu kwa adabu yake akaendelea kula. Mimi nilikuwa mbele yake namtazama akitafuna. Mpaka leo nikiona pilau nasikia stroberi, tena si ile ya shambani, ni ile ya dawa ya kusafishia choo. Nilikublock nikiwa bado mezani na sitakufungulia. Ukitaka kusema na mimi andika, angalau karatasi haina harufu.

Usidhani ni hasira ya siku moja. Wiki iliyopita nimekamata kidude cha aina hiyo kwenye mkebe wa hesabu wa msichana wa kidato cha tatu, kimelala kati ya bikari na rula. Nilikitoa kwa kitambaa cha ubaoni. Pale pa kuwekea mdomo palikuwa na utelezi uliochanganyika na vumbi la chaki. Nimenawa mikono kwa sabuni mara mbili na chakula cha mchana sikula. Kinanitia kinyaa kitu hicho, na kinanitia kinyaa zaidi kwamba mtu wa tumbo moja na mimi ndiye anayekisambaza.

Ningekunyima. Lakini nakujua, ungefunga hizo koili kwa kubahatisha, kama ulivyojibu mtihani. Kama lazima ufanye uchafu, basi uwe uchafu uliopimwa.

Sikiliza. Betri moja ikijaa ina volti nne nukta mbili. Chukua hiyo, gawa kwa ukinzani wa koili yako, ambao unapimwa kwa omu. Jibu ni ampea, yaani kiasi cha umeme ambacho koili inakivuta kutoka kwenye betri. Koili ya omu moja inavuta ampea nne na kidogo. Ya nusu omu, nane nukta nne. Ya sifuri nukta mbili inavuta ishirini na moja. Umeona inavyokimbia? Waya ukiwa mfupi na mnene, ukinzani unashuka na betri inakamuliwa. Vidude vingine vina sakiti ya kukata umeme mambo yakiharibika. Hicho chenu hakina. Akili yake ni wewe, Mungu atusaidie.

Betri mnazochukua Manzese nazijua. Zimechomolewa kwenye laptop mbovu, zikavalishwa ganda jipya lenye maandishi ya dhahabu. Ganda likisema ampea thelathini, wewe hesabu kumi, na usizidi kumi hata mteja alie. Ganda likichubuka, hiyo betri haifai. Usiweke betri mfuko mmoja na funguo. Na usifunge koili kwenye bomba lisilo na matundu ya kutolea gesi kule chini. Bila matundu hayo, hilo ni bomu lenye mahali pa kuweka mdomo.

Huwezi kujua ukinzani kwa kutazama waya, kwa hiyo nimempa Salumu mita ya maabara yetu akuletee. Nimebandua plasta iliyokuwa mgongoni kwake maana ina namba ya shule, isije ikaonekana saluni nikaitwa mwizi. Ukiulizwa, sema ni yako. Ni ya zamani lakini haijawahi kunidanganya. Naihitaji irudi kabla ya tarehe ishirini Mei, kuna ukaguzi.

Kila koili iandike kwenye daftari: ukinzani, kugawa, jibu. Onyesha njia. Shuleni hukuwahi kuonyesha njia.

Dada yako,
Tusajigwe


Sinza, 28 Aprili 2024

Dada Tusa,

Shikamoo. Nimeweza! Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, na hakuna wa kuniondoa.

Nimefunga koili kumi na moja mpaka leo na zote nimezipima kwa mita yako. Nilipiga hesabu nikaona nikishuka chini ya sifuri nukta nne na kidogo nitavuka ampea kumi, basi nimesimama kwenye nusu omu kwa kila mtu ili pabaki nafasi. Nne nukta mbili gawanya kwa nusu, nane nukta nne. Nimeandika yote kwenye daftari, na njia nimeonyesha. Wapo waliotaka waya mfupi zaidi wapate wingu kubwa, nikawakatalia. Nimewaambia dada yangu amesema hapana. Nimeandika hata karatasi nikaibandika ukutani chini ya kioo: KOILI NUSU OMU. BETRI USIAMINI GANDA. MATUNDU YAWEPO. Wateja wananiita injinia.

Kuhusu uchafu, nakiri kidogo. Hapa watu wanaonjeshana flava kwa bomba moja, likizunguka viti vyote vitatu, na wakati huo mie nanyoa. Juzi braza mmoja alitoa bomba mdomoni likiwa na vinywele vya kisogo cha mtu mwingine. Akavipangusa kwa suruali akaendelea kuvuta. Nikakukumbuka.

Kitu kimoja tu nataka kuuliza. Koili zinawaka haraka kuliko nilivyotegemea. Unagusa kitufe tu, tayari nyekundu. Na bomba linapata joto mpaka nalihamisha mkono. Ile ya nusu omu aliyokuja nayo mteja mmoja kutoka kwingine haifanyi hivyo, inawaka polepole. Hiyo ni kawaida?

Mdogo wako, injinia,
Brightson


Wazo, 3 Mei 2024

Injinia,

Marahaba. Barua yako niliifungua wakati wa chai nikiwa na chapati mkononi. Nilipofika kwenye vinywele vya kisogo, chapati nikampa kuku. Kwa nini uliniandikia hilo? Ulidhani nitacheka? Mate ya watu watatu, nywele za wa nne, na juisi ya embe juu yake. Hata fisi huchagua.

Joto ni kwa sababu betri zenu ni takataka, nilishakuambia. Huyo mteja wa kwingine labda alidanganywa kuhusu koili yake, au wewe ndiye hujui kutofautisha haraka na polepole. Nusu omu ni nusu omu, na nane nukta nne ni nane nukta nne, Sinza na Wazo. Kama una mashaka na hesabu, anza na mtu anayehesabu. Aliyepata F katika nyumba yetu hakuwa mimi.

Usisahau mita. Tena ifute kwa spiriti kabla hujampa Salumu.

Tusajigwe


Sinza, 17 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Mita hiyo hapo. Imefutwa.

Mwandiko usinicheke, naandikia gotini.

Vepu nimeacha. Zote, za kuvuta na za kufunga.

Kuna jamaa yetu hapa ameungua kiganja. Kidonda kinatoa maji ya njano na kimeanza kunuka. Wanampaka dawa ya meno. Ni sawa?

B.


Wazo, 20 Mei 2024

Brightson,

Marahaba. Mita imefika, nimeirudisha kabatini kama ilivyo na mkaguzi ameipita bila kuiangalia mara mbili. Namshukuru Mungu.

Gotini, unasema. Hata ungeandikia mgongoni kwa ng'ombe, herufi hazilali hivyo. Nimeisoma barua kwa kuigeuza kama mtu anayetafuta senti. Kama ulikuwa umekunywa, sema umekunywa, mimi ni dada yako.

Huyo jamaa aache dawa ya meno leo hii! Watu wanaungua halafu wanajipaka mnanaa, wanafungia uchafu ndani, na kidonda kinaoza taratibu kikinukia kama mtu aliyetoka kupiga mswaki. Kinyaa gani hiki. Kikishatoa maji ya njano na harufu, si kazi ya nyumbani tena. Aende hospitali, asingoje kesho. Na kama aliungua kwa kidude chenu, mwambie angepima kama wewe unavyopima.

Umeacha kweli? Hilo ndilo neno safi la kwanza kutoka kwako mwaka huu. Sitalisifu sana, nisije nikaliharibu.

Tusajigwe


Sinza, 22 Mei 2024

Wifi,

Shikamoo. Ni mimi Avelina, mke wa Brightson. Amenikataza kukuandikia. Naandika akiwa amelala.

Huyo jamaa aliyeungua ni yeye.

Ilikuwa Jumanne ya tarehe saba, asubuhi, saluni. Walikuja watu watatu wanaoanza, akawa anawaonyesha jinsi ya kubonyeza. Alishika bomba kwa mkono wa kulia kama siku zote. Anasema lilipata joto, kisha akasikia sauti ya soda inapofunguliwa, kisha moto ukatoka kwenye yale matundu ya chini ukaingia kiganjani. Ngumi ilikuwa imefumba, hakuweza kuifumbua upesi. Fundi mmoja wa betri pale mtaani alisema kama lile bomba lingekuwa halina matundu, lingepasuka lote usoni kwake. Kwa hiyo wifi, uso wake umeuokoa wewe, na kwa hilo nakushukuru.

Lakini mkono, wifi. Kiganja chote na vidole vitatu. Saluni walimpaka dawa ya meno kisha wakafunga kwa kitambaa cha kunyolea, kile cha shingoni. Alirudi nyumbani akasema amejigonga, akakaa karibu wiki mbili akijificha nisimfungue. Barua yako ilipofika ndipo nilipomlazimisha. Kitambaa kilipotoka, ngozi ilitoka nacho. Kulikuwa na vinywele vya watu ndani ya kidonda. Na harufu, sijui nikuambieje, nyama iliyoharibika na stroberi pamoja. Nilitapika kwenye beseni lile lile nililoleta kumwoshea.

Sasa anasafishwa hospitali kila baada ya siku moja. Daktari anasema hajui kama vidole vitakunja tena. Mashine ya kunyolea hawezi kuishika. Barua ile ya mita aliiandika kwa mkono wa kushoto, ilimchukua asubuhi nzima. Kwenye kiti chake ameshakaa yule wa Mwananyamala.

Kinachonitesa zaidi ni maneno yake. Kutwa anarudia, "Nilikosea kugawa. Dada alisema tatizo ni anayehesabu." Hataki ujue kwa sababu ulimfundisha vizuri na yeye ameharibu. Nimekuwekea daftari lake humu. Kuna watu kumi na mmoja wanatembea na koili alizofunga, na Rogers amekataa kuwatafuta, anasema ni uzembe wa Brightson mwenyewe na betri yake. Nakuomba uangalie alikosea wapi, tuwaambie hao watu kabla hayajawakuta.

Wifi yako,
Avelina


Wazo, 23 Mei 2024

Brightson, mdogo wangu,

Avelina usimgombeze. Ameniandikia, na amefanya jambo ambalo mimi na wewe tulishindwa.

Salumu nimemwambia asitoke hapa getini mpaka nimalize kuandika, kwa hiyo naanza na la haraka. Wale watu kumi na mmoja watafuteni leo. Waambieni wachomoe betri na wasibonyeze tena hata mara moja. Koili walizonazo si nusu omu. Ni za sifuri nukta mbili, na kila moja inavuta ampea ishirini na moja kutoka kwenye betri isiyoweza hata kumi.

Sasa nikueleze nimejuaje.

Jana nimekaa na daftari lako na kalamu nyekundu. Nilikuwa na hakika nitaona kosa ukurasa wa kwanza. Nimepitia koili zote kumi na moja. Kila mahali umeandika ukinzani, umegawa, umepata jibu, na njia umeonyesha. Nimerudia mara tatu. Hakuna kosa, Brightson. Nimeweka tiki kumi na moja, utaziona.

Leo asubuhi nikaenda maabara kabla ya wanafunzi. Nikatoa ile mita, nikagusanisha ncha za nyaya zake mbili, bila koili, bila kitu chochote katikati. Ilipaswa kusoma sifuri. Ilisoma sifuri nukta tatu. Nyaya zake zimechakaa, zina ukinzani wa kwao, na kila unachopima inakujumlishia na huo. Ndiyo maana koili ya sifuri nukta mbili ilikuambia ni nusu.

Nami nilijua. Hapo ndipo nashindwa kuandika vizuri. Plasta niliyoibandua nilikuwa nimeibandika nyuma ya mlango wa kabati nisiipoteze, na bado ipo. Mstari wa juu una namba ya shule. Mstari wa chini, kwa mwandiko wangu mwenyewe, wa miaka mitatu iliyopita, unasema: TOA 0.3. Kila mwaka nawasimamisha watoto mbele ya mita hiyo nawaambia, toeni nukta tatu kwanza ndipo mgawe. Wewe sikukuambia. Siku ile nilikuwa natazama mstari wa juu tu, nisije nikaitwa mwizi wa mita ya shule. Nimeficha namba, nimeficha na onyo. Halafu nikakuandikia kwamba haijawahi kunidanganya.

Na wewe uliniuliza. Uliandika kwamba koili zinawaka haraka, bomba lina joto, na ya mtu mwingine haifanyi hivyo. Nimefundisha miaka kumi na tisa na sijawahi kupata mwanafunzi aliyeniletea swali zuri namna hiyo, ameangalia, amelinganisha, ameuliza kabla mambo hayajaharibika. Nikakujibu kwa F yako. Ningeacha mdomo wangu nikaenda kugusanisha nyaya mbili, dakika moja tu, ungekuwa na mkono wako. Mita hiyo ilikuwa kwako, najua, lakini ningeweza kukuambia uzigusanishe wewe.

Kile kidude cha yule msichana nilikitoa kwa kitambaa kwa sababu kilinitia kinyaa. Leo kinyaa kimenijia mwenyewe. Nimeshindwa kusimama mbele ya darasa. Nakumbuka nilivyocheka mwandiko wako, nilivyosema uliandika umelewa, nawe ulikuwa unasukuma kalamu kwa mkono wa kushoto ili unirudishie mita yangu kabla ya ukaguzi. Ukaifuta kwa spiriti, Brightson. Kwa mkono gani?

Moshi huo bado sijaukubali. Bado naona ni uchafu, na Rogers naona ni mchafu kuliko bidhaa zake. Lakini kilichokuunguza ni kazi yangu, na hilo usikubali mtu alibadilishe. Karatasi yako ya ukutani ibanduliwe. Andikeni nyingine: MITA ILIKUWA INAONGEZA, KOILI ZOTE ZIRUDI. Wakiuliza nani aliwaambia nusu omu, taja jina langu na utaje kwamba ni mwalimu. Mkuu wa shule nimemwambia saa nne leo, yote, kuanzia kuitoa mita. Ameniambia niandike maelezo. Nimeyaandika kabla ya barua hii na yalikuwa rahisi zaidi.

Hukukosea kugawa. Nataka usome hilo mara nyingi kama ulivyojirudia lile jingine.

Plasta nimekuwekea humu. Namba yako nimeifungua.

Dada yako,
Tusajigwe


Sinza, 18 Agosti 2024

Dada Tusa,

Shikamoo.

Namba umefungua lakini sijapiga, na ulipopiga sikupokea mimi. Avelina alipokea akakuambia nimelala. Sikuwa nimelala. Kwa wiki sita barua yako ilikuwa ikinipandisha hasira kila nikiifungua, tena si kwa ajili ya mita. Mita ningesahau. Ni ile F. Nilikaa karibu wiki mbili na kitambaa kile mkononi kwa sababu niliona aibu kukuambia nimefeli tena. Nilipendelea kuoza. Nakuambia ili ujue.

Koili kumi na moja zote zimerudi, ya mwisho tulimfuata mwenyewe Manzese. Alikuwa anaiweka chini ya mto akilala. Nimezikata zote kwa mkasi. Rogers aliibandua karatasi ya pili, nikabandika ya tatu nje, kwenye ukuta usio wake.

Siku hizi harufu ya stroberi siiwezi. Juzi mtu alipita nayo karibu na genge, nikatapika kwenye mchicha wa watu. Ungenifurahia.

Mtoto amezaliwa tarehe nane, msichana. Anaitwa Tusajigwe. Jina tulikuwa tumeshalichagua kabla ya haya yote, kwa hiyo usijivune. Ubatizo ni mwezi ujao na mchungaji atapakuliwa pilau akiwa wa kwanza, atakaa ndani, madirisha yamefungwa. Uje.

Plasta yako nimeibandika. Una picha moja hapa kwetu, ile ya mahafali yako, umeinua kidevu. Nimeibandika chini ya hicho kidevu. Sasa kila ukisema jambo, natazama pale, natoa sifuri nukta tatu, kinachobaki nakiamini.

Barua hii ni fupi na herufi zimelala vibaya, usinigeuzie karatasi. Vidole viwili vimekubali kukunja. Nimeiandika kwa mkono wa kulia.

Mdogo wako,
Brightson